Herufi nene zenye ncha za zumari: nachora fonti kutoka kibao cha marehemu baba, naomba msaada

#1 bintiwabrashi

Assalaam aleikum na habari za jioni kwa wote.

Nina kibao cha bati hapa mezani, urefu wake kama mkono wangu. Kimeandikwa FUNDI WA SAA, nyeusi juu ya manjano. Kilikuwa mlangoni kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, aliyekuwa akitengeneza saa. Alipofunga kazi, wanawe wakaniletea, kwa sababu aliyekiandika ni marehemu baba yangu.

Baba aliandika vibao vya maduka na majina ya majahazi, na sheria za matatu zilipobadilika 2004 akawa anaandika njia za magari kwenye ule mstari wa manjano, gari baada ya gari, mpaka magoti yakamlemea. Mimi ni mtu wa kompyuta na plota, ile mashine ya kukatia stika, kazi yangu iko karibu na Mwembe Tayari. Herufi zake nimekua nazo na sikuwahi kuzichunguza. Juzi nimekipiga kibao picha ya karibu, nikaifungua kwenye skrini kubwa, nikaona kwamba hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. I yake imebana kidogo kiunoni, kisha yapanuka polepole kwenda juu na kwenda chini, na mwisho imekatwa kwa pembe kali. Haina vile viguu vya kulala ambavyo herufi za magazeti huwa navyo. Wala si herufi kavu ya upana mmoja toka juu hadi chini. Iko katikati ya hizo mbili. Yafunguka mwishoni kama mdomo wa zumari.

Jina la Kiswahili la jamii hii ya herufi sijalisikia, kwa hiyo hapa nitaziita herufi za ncha za zumari. Mwenye jina bora alilete.

Nataka kuchora fonti nzima, yaani seti ya herufi za kutumia kwenye kompyuta, nene, ya vibao. Tatizo langu ni kwamba nina herufi nane tu: F, U, N, D, I, W, A, S. Kiswahili chahitaji 24, maana Q na X hatuna kazi nazo, na C twaihitaji kwa ajili ya CH. Zimebaki 16.

Naomba mambo mawili. Anayejua kuchora herufi anieleze nisije nikaharibu kazi ya mzee. Na mwenye picha ya maandishi ya mkono ya zamani hapa mjini, tafadhali aitume, huenda ni mkono wa baba.

#2 StikaMakupa

Mungu amrehemu mzee wako. Nawakumbuka wale waandishi, mmoja aliegemeza mkono kwenye fimbo ndefu yenye kitambaa kichwani ili usitetemeke.

Lakini swali la kikazi: mbona usichukue fonti iliyopo ukainenepesha? Marcellus ni ya bure, ina hizo ncha za kupanuka, tatizo lake ni uzito mmoja tu na ni mwembamba. Kwenye programu waweza kuuongezea mstari wa nje ikawa nene kwa dakika moja.

#3 bintiwabrashi

@StikaMakupa kaka, hilo ndilo nililofanya kwanza na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Hesabu yake ni hii. Chukua mstari wenye kiuno cha milimita 10 na ncha ya milimita 13. Ncha imezidi kiuno kwa asilimia 30, na jicho laona. Sasa ongeza milimita 2 kila upande. Kiuno kimekuwa 14, ncha 17. Tofauti imeshuka mpaka asilimia 21 na herufi imekuwa gogo. Ukiongeza tena, zumari yote inapotea.

Kwa hiyo herufi nene ya namna hii lazima ichorwe nene tangu mwanzo. Ukiongeza unene, upanuke wa ncha nao uuongeze zaidi ya ule unene, lakini ukipitiliza, ncha za herufi mbili jirani zinagusana. Hapo ndipo nilipokwama.

#4 fundi_wa_chapa

Dada, jamii hiyo yote imezaliwa kwenye kazi za mikono kama ya baba yako. Nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu itakusaidia kuchora.

Berthold Wolpe alizaliwa Offenbach, Ujerumani, mwaka 1905. Alikuwa akichonga maandishi kwenye shaba nyeusi. Katika kazi ile huichongi herufi yenyewe, unachonga kinachoizunguka, herufi inabaki imeinuka. Patasi inayopita nje ya herufi haiachi viguu vyembamba kama unywele, yanabaki maumbo mazito yaliyopanuka kidogo mwishoni. Stanley Morison wa Monotype, kampuni ya herufi za chapa, alipoyaona akamwomba atengeneze herufi za chapa kwa mtindo uleule, na kati ya 1932 na 1940 ikatoka Albertus. Wolpe alikuwa Myahudi, akahamia Uingereza mwaka 1935, na kuanzia 1941 hadi 1975 alikuwa kwa wachapishaji Faber and Faber akibuni majalada ya vitabu, mengi kwa hiyo Albertus. Vibao vya majina ya mitaa vya City of London, ile sehemu ya kale ya katikati ya London, pia ni Albertus. Ona mahali ilipokaa: kibao cha mtaa, jalada la kitabu. Maneno machache, makubwa, yanayosomwa kwa mara moja.

Wa pili ni Hermann Zapf. Mwaka 1950 alikuwa ndani ya kanisa la Santa Croce, Florence, akitazama maandishi ya makaburi yaliyomo sakafuni. Herufi zile hazikuwa na viguu, zilipanuka tu. Hakuwa na karatasi, akazichora kwenye noti ya lira 1,000. Mwaka 1958 ikatoka Optima. Ile ni nyembamba na tulivu, siyo unayoitaka wewe, lakini imebeba kazi nzito: ukuta wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa Vietnam, uliofunguliwa Washington mwaka 1982, una majina zaidi ya 58,000 kwenye jiwe jeusi, yote kwa Optima.

Wa tatu hakuchora fonti maarufu, ila ndiye wako hasa. Edward Catich alikuwa padri Marekani, na ujanani alifanya kazi ya kuandika vibao Chicago. Rome kuna Nguzo ya Trajan, ya mwaka 113, na maandishi ya chini yake ndiyo watu wa herufi huyahesabu kuwa kipimo cha herufi kubwa za Kilatini. Wengi walishikilia kuwa ncha zile zimetokana na patasi ya mchonga mawe. Catich akasema sivyo, mtu mwenye brashi bapa aliandika kwanza juu ya jiwe, na patasi ikafuata rangi. Kitabu chake juu ya hilo kilitoka 1968. Alilitambua kwa sababu mkono wake mwenyewe ulikuwa umeandika vibao.

#5 bintiwabrashi

@fundi_wa_chapa nimesoma hapo kwa Catich nikainuka kwenda kulitoa kasha la brashi za baba.

Nimejaribu usiku kucha juu ya magazeti. Brashi bapa ukiishusha tu kutoka juu hadi chini, mwanzo na mwisho wa mstari hutoka umechakaa, nywele zimetawanyika, pembe haziji. Baba akifika mwisho alikuwa akiibonyeza kidogo, nywele zikafunguka. Kisha akaizungusha brashi kwa kidole gumba, akainyanyua kupitia pembe moja, akarudi kuimaliza ya pili. Nilimuona akifanya hivyo mara elfu. Mkono unaobonyeza mwanzo na mwisho, na kupita mwepesi katikati, huacha mstari wenye kiuno. Hakuwa akipamba. Alikuwa akitafuta pembe safi tu, na kutafuta pembe safi ndiko kulikozaa umbo lote.

Sasa naelewa kwa nini nilipochora kwa kipanya ncha zilikuwa sawasawa kila mahali na zikaonekana za bandia. Kwenye kibao, ncha ya juu ya I ni finyu kuliko ya chini, maana chini mkono umeshatua.

#6 khati_mwanzi

Mimi ni mtu wa khati ya Kiarabu, nafundisha vijana jioni, na hili nimelipenda sana.

Kwetu hupimi herufi kwa milimita. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliweka kipimo cha nukta: unagusa karatasi kwa kalamu ya mwanzi mara moja, ile nukta ya pembe nne ndiyo rula yako. Urefu wa alifu ni nukta kadhaa, na herufi nyingine zinafuata alifu. Kalamu ikiwa pana, maandishi yote yanakua pamoja na uwiano unabaki uleule.

Fanya hivyo na brashi ya baba. Urefu wa herufi ni brashi ngapi? Hapo utaupata unene kama uwiano, na herufi zilizobaki utazipima kwa rula aliyoitumia yeye. Zile za Nguzo ya Trajan, mstari mnene ni kama sehemu 1 kwa 10 za urefu. Za mzee bila shaka ni nzito zaidi.

#7 bintiwabrashi

Nimepima, mwalimu. Brashi iliyoingia sawasawa kwenye kiuno cha I ni ya sentimita 2.5, na herufi ina urefu wa sentimita 12.5. Tano kwa moja. Ncha ya chini ya I imefika sentimita 3.3. Ndani ya kiunzi cha fonti cha vipimo 1,000, herufi kubwa nimeipa urefu wa 700, kiuno 140, ncha 185 hivi. Kwa mara ya kwanza H niliyoibuni imekaa kando ya I ya baba bila kuonekana mgeni.

A nayo imeanza kunifundisha. Mguu wa kushoto ni mwembamba, wa kulia mnene, na kile kikamba cha katikati kimeshuka chini mno. Nilidhani ni mtindo wake tu. Kumbe kwenye herufi nene kikamba kikipanda, kile kitundu cha juu kinafungwa na kwa mbali A inakuwa pembetatu nyeusi. Alikishusha ili kitundu kipumue.

#8 mama_duka

Samahanini, mimi si wa fani hii, lakini naona nisiponena nitakuwa sikuwatendea haki. Nina duka la nafaka Kongowea. Mwaka juzi kijana mmoja alinitengenezea bango la herufi nene za aina hiyohiyo, zenye kupanuka. Akaandika mchele, maharagwe, pojo, ngano, jumla na rejareja, tunapeleka mpaka nyumbani, na namba ya simu, yote kwa herufi hizo, yote kwa herufi kubwa. Karibu ni zuri. Ukivuka barabara ni doa. Wateja wanapiga namba isiyo yangu kwa sababu 3 na 8 hazitofautiani.

Kwa hiyo hizi herufi mnazozisifu, kazi yake ni ipi hasa?

#9 StikaMakupa

@mama_duka pole mama, na umeuliza swali ambalo wengi wetu tunaokata mabango hatujiulizi.

Kosa halikuwa la herufi, ni kuzipa kazi zote. Jina la duka ndilo lao. Yale mengine yalitaka herufi nyepesi, ya kawaida, yenye nafasi ndani. Namba za simu ndizo hasa zataka matundu wazi.

Kipimo tunachotumia wengi kazini ni kwamba kila mita 3 za umbali zataka herufi ya sentimita 2.5 hivi ili isomwe bila taabu. Mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 24, ataka herufi ya sentimita 20. Pima upana wa bango lako uone maneno mangapi ya sentimita 20 yanaingia. Mawili, labda matatu.

Nami nibadili kauli yangu ya kule juu. Nimefikiri kuhusu plota. Fonti yenye viguu vyembamba ni adui wa stika, maana ukianza kung'oa vinaili ya ziada kile kiguu chang'oka nayo, na kisipong'oka leo, chumvi na jua la hapa vitakiinua ndani ya mwaka. Herufi ya zumari haina sehemu nyembamba ya kuinuka. Ncha yake ndiyo pana, ndipo gundi ilipo nyingi. Kwa mji wa bahari hiyo si faida ndogo.

Na kwenye herufi za akriliki zenye taa ndani, mwanga hula pembe. Herufi ya upana mmoja inaonekana mviringo mwishoni kama soseji. Yenye ncha iliyopanuka ina ziada ya kuliwa, ikishaliwa inaonekana imenyooka.

#10 lesopeya

Mmenikumbusha leso. Mimi nauza leso, mama yangu aliuza, na kitu cha kwanza tunachokitazama dasta mpya ikifunguliwa ni jina, kabla ya rangi.

Leso ina pindo, ina mji, na jina limekaa ndani ya kisanduku chake chini ya mji. Karibu daima ni herufi kubwa. Nyingi za zamani zimeandikwa K.H.E. MALI YA ABDULLA, za Kaderdina Hajee Essak wa hapa Biashara Street, na nikizilinganisha na hizi mpya naona jambo moja. Kwenye nguo ya pamba rangi hutambaa. Kitundu kidogo cha A au B au R kinajaa, na jina laanza kusomeka kwa kubahatisha. Herufi nene hazivumilii hilo isipokuwa mchoraji ameacha matundu makubwa kusudi, kama huyo mzee alivyoishusha kamba ya A.

Halafu leso haisomwi ikiwa imetandazwa. Inasomwa imefungwa kiunoni, mtu anatembea, kuna mikunjo miwili mitatu inayokata maneno. Herufi nyembamba ikikatwa na mkunjo imekwisha. Nene yenye ncha kubwa, hata ukiona juu na chini tu, jicho laiunganisha. Dada, ukiimaliza fonti yako mimi nataka kuiona kwenye jina la leso kabla ya mahali pengine popote.

#11 Jahazi_la_Kale

Mwanangu bintiwabrashi, babako nalimjua. Akija Bandari ya Kale na kidebe cha rangi na uzi wa chaki, anaunyosha uzi na mwenzake, anaufyatua, mstari umepigwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nahodha akitaka jina la chombo, yeye huliandika kwanza mtangani kwa kijiti, akarudi nyuma hatua ishirini, akalitazama, ndipo akapanda.

Jahazi la shemeji yangu liliitwa TAWAKALTU. Chombo hakipo tena, lakini ule ubao wa tezi nliuondoa mwenyewe, uko ukutani kwangu. Picha nne hizi hapa chini, nimezipiga asubuhi jua likiwa ubavuni. Utapata T, K na L. Hakuna shaka ni mkono wake: itazame A, kamba iko chini.

#12 bintiwabrashi

Ami, Mungu akulipe. Nimeziangalia picha na mume wangu na sote tumekaa kimya.

K yake sikuitarajia. Mkono wa juu hauanzii kwenye mgongo wa herufi, umeacha ufa mwembamba, ndio mguu wa chini unaotokea ndani ya mkono. Kwenye herufi nene pale panapokutana mistari mitatu huwa ni fundo jeusi, na huo ufa umelifungua.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni nafasi. Angalieni hilo jina: T-A-W-A-K-A-L-T-U. Karibu kila jozi ina pengo la mshazari. T imening'inia juu, A imepanuka chini. A na W zimelaliana. L na T kati yao ni uwanja mtupu. Baba ameiingiza A chini ya bawa la T, na W na A ameziachia ufa usiozidi nusu brashi. Kwenye kompyuta nimeandika neno hilohilo kwa fonti tatu tofauti za mtindo huu, na katika zote tatu limekatika: TA WA KA LTU.

Nikaanza kuhesabu maneno yetu. WA, YA, KA, VYA, TA, WATU, KAZI, WAKATI, TAWI, YAYA, KWAYA. Kiswahili kimejaa A, na A hufuatana na W, Y, K, T na V kuliko nilivyowahi kufikiri. Mchoraji wa Kizungu anarekebisha jozi zinazomsumbua katika lugha yake, na hapo hana kosa. KWA na VYA kwake si maneno ya kila siku. Kwetu ndizo zinazobeba sentensi. Fonti ya vibao vya Kiswahili lazima ianzie kwenye jozi hizo, na kwa herufi za zumari ni lazima zaidi, kwa sababu ncha ndizo zinazogongana kwanza. Nimeandika orodha ya jozi 40 na nitazipanga moja moja kwa macho.

#13 kijana_wa_Likoni

Mimi nitapinga kidogo, msinielewe vibaya. Nasomea ubunifu wa michoro. Kibao kina A tatu na hakuna mbili zinazofanana, nimezipima kwenye picha yako. Ukiigeuza kuwa fonti utachagua moja, na kila A ya dunia itakuwa ile moja. Kilicho kizuri kwenye kibao ni kuwa mtu alikuwa akifikiri kila alipofika A. Je, kwa kuifanya fonti hatuondoi kile tunachokipenda?

Tena, watu wengi watakaoiona wataiona kwenye simu. Kwenye simu, kwa ukubwa wa maandishi ya ujumbe, hicho kiuno hakionekani, kinabaki kizito tu. Hata Optima iliwasumbua watu wa printa za zamani za nukta 300 kwa inchi, ule mkunjo mdogo ulitoka kama ngazi.

#14 bintiwabrashi

@kijana_wa_Likoni mdogo wangu, la simu nakubali moja kwa moja. Sichori herufi ndogo hata moja. Hii ni fonti ya herufi kubwa, ya vibao, majalada, majina ya leso, vifungashio. Mtu asiiweke kwenye maelezo ya dawa wala risiti, na nitaandika hivyo kwenye ukurasa wa kuipakulia.

La A limenikosesha usingizi, na nina jibu nusu. Fonti za sasa zaweza kubeba maumbo kadhaa ya herufi moja na kuyazungusha zenyewe kadiri mtu anavyoandika. Kwa hiyo nitaziweka A zote tatu za kibao, na tatu nyingine za ubao wa jahazi. Ukiandika MAHAMRI, A mbili zitakuwa tofauti. Ukiandika TAWAKALTU utapata zile tatu za jahazi kwa mpangilio wake. Kwa lugha yenye A nyingi kama yetu nadhani hapo ndipo pa kutumia nguvu. Haimrudishi aliyekuwa akifikiri, najua. Lakini mawazo sita aliyoyafikiri kweli yatabaki.

@fundi_wa_chapa, je, maumbo yanayozunguka yanaleta shida kwenye plota?

#15 fundi_wa_chapa

Hayaleti, mradi uyageuze maandishi kuwa mistari ya vekta, yaani michoro tu badala ya herufi za kuchapa, kabla ya kutuma. Na kwa kazi yote hiyo programu ya kuchorea fonti iitwayo FontForge yatosha, ni ya bure. Usikimbilie kununua programu kabla hujamaliza michoro.

Neno moja tu: O utakapoichora, ipandishe kidogo juu ya mstari na uishushe kidogo chini, la sivyo itaonekana fupi kando ya H. Baba yako bila shaka alifanya hivyo. Itazame S ya SAA.

#16 bintiwabrashi

Nimeitazama. Imevuka mstari wa chaki juu na chini. Mstari wenyewe bado waonekana kwa mbali, chini ya rangi.

#17 mpiga_picha_wa_mitaa

Nimeufuata uzi huu tangu jana bila kusema. Mimi hupiga picha mikokoteni, ile misemo ya nyuma. Nina moja niliyoipiga Marikiti miaka mingi iliyopita, ubao wa buluu, herufi nyeupe: NG'OMBE HAELEMEWI NA NUNDUYE. Kamba za A ziko chini. Mguu wa kulia wa A mnene. Na K hakuna, lakini itazame N, ile ncha ya chini kulia imechongoka na kuvuka mstari kama N ya FUNDI. Naituma katika ukubwa wake wote.

#18 khati_mwanzi

Nimezilinganisha zote tatu, kibao, ubao na mkokoteni. Urefu kwa brashi ni tano, tano, na tano kasoro kidogo. Ni mkono mmoja.

#19 bintiwabrashi

Ndugu zangu, huo ni mkono wa baba. Sikujua kama aliandika mikokoteni.

Tumepata G, O, M, B, E, H na Y kwa mpigo mmoja. Na tumepata NG' ambayo sikuwa na mahali pa kuitafuta. Tazameni alivyoifanya. Fonti nilizonazo zote, kile kikoma cha juu ni kijiti kilichosimama, kinaacha shimo kabla ya O, na NG'OMBE inasomeka kama maneno mawili. Baba amekigusa kwa pembe ya brashi, kimelala, kimeingia juu ya bega la G, na O imesogea chini yake. Pengo hakuna. Nitaiweka NG' kama umbo moja ndani ya fonti, mtu akichapa N, G na hicho kikoma, zijiunge zenyewe kama alivyoziunga.

Hesabu sasa: nina 18. Zimebaki C, J, P, R, V, Z. P na R nitazitoa kwenye B, J kwenye U, V kwenye W, C kwenye G. Z siwezi kuitoa popote. Mshazari wake unakwenda kinyume na wa N, brashi bapa inabadilika unene hapo, na sijui baba aliishikaje: aliigeuza brashi ili mshazari uwe mnene, au aliiacha uwe mwembamba? Nimejaribu namna zote mbili na kila moja yaonekana kweli.

@mama_duka, bango lako nimelianza. Jina la duka tu kwa herufi hizi, sentimita 20, mengine yote kwa herufi nyepesi, namba ya simu peke yake chini. Nitakutumia mchoro kesho, malipo ni mchele wa pilau ukipenda.

#20 mama_duka

Mchele upo, na iliki juu yake. Ahsante mwanangu.

#21 Jahazi_la_Kale

Z ipo. Nimekumbuka usiku. Majengo, kwa yule kinyozi wa zamani, ukutani upande wa uchochoro, babako aliandika KINYOZI kwa rangi nyekundu. Mwenye nyumba amepaka chokaa juu yake mara mbili, lakini nimepita baada ya swala ya alfajiri leo na jua likipiga ubavuni rangi yachungulia. Mwanzo wake umekwenda, K na I hazionekani. Z yote iko. Mshazari ni mnene.

Njoo na kamera kabla ya saa mbili, baadaye jua lapanda na hutaona kitu.

#22 bintiwabrashi

Nimeshavaa, ami. Nakuja na brashi yake ya sentimita 2.5 nipimie palepale.